Mgonjwa Aulizwe Uji

Mjadala huu nimeutunga mwenyewe. Wasemaji wake wanne nimewaita kwa kazi zao, si kwa majina. Hata hivyo, hoja wanazobishania ndizo zinazosikika kila ndugu yetu anapolazwa ugenini, na historia na sheria wanazozitaja ni za kweli.

Tuko Xiaobei, wilaya ya Yuexiu, jijini Guangzhou, katika mgahawa wa ghorofani ambako wafanyabiashara wa Dar, Mombasa, Kampala na Bukavu hukutana baada ya kufunga mizigo. Ni saa mbili usiku. Mezani pana chai, na pembeni ya chai pana chupa ya uji iliyorudi kutoka wodini ikiwa imejaa kama ilivyopelekwa. Mgonjwa alipasuliwa tumbo siku nne zilizopita. Aliyempelekea uji ni mama mkwe wake, mfanyabiashara wa Kariakoo, ambaye ndiye jamaa yake pekee katika mji huu. Pamoja naye wamo daktari kijana wa Kitanzania anayesomea ubingwa hapa Guangzhou, muuguzi mstaafu wa Mombasa aliyekuja kumtembelea mwanawe, na mkalimani, mwenyeji wa Bukavu, ambaye huitwa hospitalini hata usiku wa manane kwa sababu ya Kichina chake.

Mama wa Mizigo, yaani huyo mama mkwe, ndiye aliyeanza. Aliuliza: mimi pale wodini ni nani?

MAMA WA MIZIGO: Siku nne nimelala kwenye kiti cha kukunjua. Nakimbia dirishani kulipia, nachukua karatasi za vipimo kwenye mashine, naiangalia dripu isikauke. Kumwogesha sikuweza. Yule ni mkwe wangu, heshima hairuhusu, nikamlipa mlezi wa kukodi. Amana nimeweka mimi. Sahihi nimetia mimi. Leo asubuhi madaktari wakapita, wakasemezana dakika mbili juu ya kitanda, wakaondoka, nami nimebaki na chupa yangu mkononi. Katika biashara, mbia huoneshwa hesabu. Anayetoa fedha na jasho bila kuoneshwa hesabu ni kibarua.

DAKTARI: Pole, mama. Naomba niwasemee wale madaktari, maana nami huvaa koti lile lile. Asubuhi wanazunguka vitanda haraka kwa sababu chumba cha upasuaji kinawasubiri. Na wauguzi wa wodi kubwa za huku wameshikwa na sindano, dawa, vidonda na mashine. Kulisha, kugeuza mgonjwa, kumpeleka chooni, hayo yameachiwa jamaa tangu zamani. Mji huu una historia ndefu ya jambo hilo. Novemba 1835, Mmarekani Peter Parker alifungua hospitali ya macho hapa, wageni wakati huo wakiuita mji Canton. Alikuwa mgeni mwenye kisu, na watu walikuwa na haki ya kumwogopa. Mwishoni mwa Desemba, baba mmoja aliingia akimshika mkono binti yake wa miaka 13 mwenye uvimbe mkubwa kichwani. Kabla ya upasuaji, Januari 1836, wazazi walitia sahihi hati kwamba wao ndio walioomba, na kwamba daktari asilaumiwe mambo yakiharibika. Binti akapona. Kwa hiyo mlango wa tiba ya Kizungu katika mji huu ulifunguliwa na jamaa wa wagonjwa.

MUUGUZI: Hati ile, mwanangu, ilimlinda nani?

DAKTARI: Ilimlinda Parker, sikatai. Lakini pia ilimhakikishia baba kwamba kisu hakitaingia bila neno lake.

MUUGUZI: Na binti? Anapasuliwa na dawa ya usingizi bado haijagunduliwa. Maumivu ni yake, uso ni wake. Neno lake liliandikwa wapi?

MKALIMANI: Swali hilo, Sista, limeisumbua nchi hii kwa muda mrefu. Kanuni za hospitali za mwaka 1994 zilitaka upasuaji uwe na ridhaa ya mgonjwa na pia sahihi ya ndugu au mtu wake wa karibu. Novemba 2007, Beijing, mama mjamzito alifikishwa hospitali akiwa mahututi. Madaktari walitaka kumpasua; mwenzi wake akakataa kusaini. Walimbembeleza kwa saa kadhaa. Mama na mtoto wakafa, na China nzima ikabishana. Sheria ya madhara iliyoanza kutumika Julai 2010 ikatoa njia: katika dharura, kama maoni ya mgonjwa au jamaa hayawezi kupatikana, mkuu wa hospitali anaweza kuidhinisha tiba. Halafu Sheria ya Kiraia iliyoanza Januari 2021, kifungu cha 1219, ikasema daktari amweleze mgonjwa mwenyewe na apate ridhaa yake iliyo wazi. Ndugu wa karibu wanaelezwa pale tu ambapo mgonjwa hawezi kuelezwa au haifai aelezwe.

MUUGUZI: "Haifai." Neno dogo hilo, lakini mlango wake ni mpana.

MKALIMANI: Mpana kabisa. Mimi nasimama mlangoni hapo kila wiki. Jamaa ananivuta pembeni: kaka, usimwambie ni saratani, mwambie ni vidonda vya tumbo. Nikidhani ni sisi Waafrika tu, namwona Mchina wa kitanda cha pili akimwambia daktari maneno hayo hayo kuhusu baba yake. Mgonjwa ananitazama mdomoni. Nikitafsiri kweli, nimewasaliti waliomleta mgonjwa hospitali kwa fedha zao. Nikitafsiri uongo, nimemsaliti aliyelala.

MAMA WA MIZIGO: Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Unampikia, unamletea, unamlisha. Mtu akiwa taabani, kumtwisha habari ya saratani ni kumwongezea mzigo. Mimi mama yangu alipougua, tulimficha. Alikufa akiamini atarudi shambani. Najuta nini?

MUUGUZI: Pole, dada. Sikuja kukuhukumu. Nimeuguza miaka mingi, na methali hiyo nimeisikia kila wodi. Nionavyo mimi, wahenga walimsema mtu mwenye uji aliyekuwa akitafuta kisingizio: usisimame mlangoni ukauliza "nikuletee?" ilhali unajua ana njaa. Walituhimiza tuwe wakarimu. Hawakusema mgonjwa afungwe mdomo. Na nikwambie nilichoona kwa wagonjwa wengi waliofichwa: walijua. Waliwaona wanao wakitoka nje kulia na kurudi wamenawa uso. Wakanyamaza ili kuwalinda watoto wao. Pande zote mbili zikalindana, na hakuna aliyeaga.

Mama wa Mizigo hakujibu. Alimimina chai, akamsogezea Muuguzi kikombe. Daktari akauvunja ukimya.

DAKTARI: Nitawaambia hofu yetu, maana mjadala wa kumsifu jamaa tu haujakamilika. Ya kwanza ni maambukizi. Mwishoni mwa Januari 2003, mgonjwa mmoja wa SARS alilazwa hapa Guangzhou, na kutoka kwake wakaambukizwa makumi ya watumishi wa hospitali. Machi mwaka huo alifariki Ye Xin, muuguzi mkuu katika hospitali ya mkoa ya tiba ya jadi ya Kichina, baada ya kuwahudumia wagonjwa wa maradhi hayo. Ugonjwa ule haukuchagua koti jeupe wala kanga. Kila kiti cha kukunjua unachokiongeza wodini ni pafu jingine. Ya pili ni usalama wetu. Mei 2016, daktari mstaafu wa meno katika mji huu alishambuliwa kwa kisu nyumbani kwake na mtu aliyemtibu zaidi ya miaka 20 kabla. Alikufa. Tangu hapo jamaa anapopaza sauti, daktari wa China hasikii swali, anasikia hatari. Ya tatu, jamaa wenyewe wamechoka. Mtoto mmoja anauguza wazazi wawili huku kazini wanamdai. Ndiyo maana miji kadhaa ya China inajaribu wodi zisizo na jamaa wa kulala. Kulisha na kugeuza wagonjwa hufanywa na wahudumu waliofunzwa, chini ya wauguzi. Mimi naunga mkono. Jamaa aje kusalimia, kazi aiachie hospitali.

MAMA WA MIZIGO: Hapo hatugombani! Ukiniletea mhudumu aliyefunzwa, nitakushukuru na kurudi kwenye kontena langu. Lakini naomba useme wazi unaniondolea nini. Ukiniondolea beseni, chukua. Ukiniondolea mdomo, sikubali.

MUUGUZI: Umesema jambo la msingi, dada. Jamaa anafanya kazi mbili ambazo hospitali huzichanganya. Moja ni ya mikono, ambayo inaweza kukodiwa. Nyingine ni kumjua mtu. Wewe unajua anavyolala akiwa mzima, anavyocheka, rangi ya uso wake. Mhudumu aliyekutana naye juzi hawezi kujua hayo. Uingereza, mwaka 2021, msichana wa miaka 13, Martha Mills, alikufa hospitali kwa maambukizi ya damu baada ya kuumia kwa baiskeli. Wazazi wake waliona anazidi kuharibika, wakasema, hawakusikilizwa. Mama yake alipigania jambo hilo hadharani, na tangu 2024 hospitali za Uingereza zimeanza kuweka utaratibu unaoitwa kwa jina la Martha: mzazi au jamaa akiona hali inageuka na haridhiki na majibu, ana haki ya kuita timu nyingine ije kumtazama mgonjwa upesi, saa yoyote.

DAKTARI: Nchi tajiri hizo, Sista. Timu ya pili inatoka wapi katika hospitali ya wilaya yenye daktari mmoja wa zamu?

MUUGUZI: Basi turudi kwenye umaskini. Mwaka 1978, Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey aliona vichanga njiti ni wengi na mashine za joto hazitoshi. Akamweka mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Kwa miaka mingi mbinu hiyo ilihesabiwa kuwa ya wasio na uwezo, tena ilisubiri kwanza mtoto atulie. Halafu ukafanyika utafiti mkubwa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwenu. Matokeo yalitoka 2021. Watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, waliokufa katika mwezi wa kwanza walikuwa asilimia 12.0. Waliosubirishwa mpaka watulie, asilimia 15.7. Ili jambo hilo liwezekane, wodi ya vichanga mahututi, ambayo zamani ilimruhusu mama kwa saa za kuona wagonjwa tu, ilibidi imwekee kitanda ndani. Pale jamaa hakuwa mgeni wala kibarua. Alikuwa sehemu ya dawa.

DAKTARI: Takwimu hizo nazijua, na nazikubali. Lakini mama na kichanga ni kitu kimoja. Mtu mzima ana siri zake. Nikimweleza jamaa kila kitu, nimemfunua mgonjwa mbele ya wakwe, mbele ya wadai wake, mbele ya mbia wake wa biashara. Nani kati ya watu kumi waliojaa mlangoni ndiye mshirika wangu?

MKALIMANI: Yule ambaye mgonjwa atamtaja. Anapolazwa, aulizwe: nani aambiwe habari zako, na habari gani asiambiwe? Jina liandikwe kwenye faili. Swali moja, mstari mmoja. Mimi nimetafsiri fomu nyingi za malipo, za ruhusa ya nusukaputi, za ruhusa ya kuongezewa damu. Fomu yenye swali hilo sijapata kutafsiri.

MAMA WA MIZIGO: Na mkalimani awepo anapoulizwa. Bila lugha, haki zote hizo ni karatasi.

DAKTARI: Kwa hilo China nayo ilionja shubiri yetu. Timu zao za madaktari zipo Zanzibar tangu 1964, kutoka Jiangsu. Na Tanzania Bara tangu 1968, kutoka Shandong. Daktari wa Kichina wa Pemba, mbele ya bibi asiyejua ila Kipemba, yuko palepale ulipo wewe hapa. Anamhitaji mjukuu aliyekaa kando ya kitanda kuliko anavyokihitaji kipimo.

MKALIMANI: Tena kuna jambo huku tulisifu. Mgonjwa wa nje hupewa daftari lake la matibabu, akaenda nalo nyumbani. Picha za eksirei zake ni zake. Majibu ya maabara anayachukua kwenye mashine au anayaona kwenye simu. Hesabu uliyoitaka, mama, nusu yake iko mkononi mwako. Imeandikwa Kichina tu.

MUUGUZI: Nasi tunayo kadi ya kliniki. Mama wa Kilifi au Tandahimba anaitunza kadi ya mwanawe ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na vyeti vya ukoo. Uzito, chanjo, tarehe, vyote anavyo. Tatizo ni kwamba daftari na kadi vyote vinaandikwa na upande mmoja. Mimi nikipewa wodi leo, nitaongeza mstari katika makabidhiano ya zamu: "Mgonjwa anasema nini? Jamaa wake ameona nini?" Muuguzi anayetoka aujaze kabla hajamkabidhi anayeingia. Huhitaji mashine wala daktari wa pili. Unahitaji dakika moja na kalamu.

DAKTARI: Dakika moja kwa wagonjwa arobaini ni dakika arobaini, Sista.

MUUGUZI: Ni kweli, na nitazitafuta. Mbona tunazipata za kumrudisha chumba cha upasuaji mgonjwa ambaye hatukumsikiliza mapema? Na sasa, Dokta, nina swali la usiku huu. Uji huu umerudi. Kwa nini?

MAMA WA MIZIGO: Ni uji wa mchele wa Kikantoni, hauna sukari. Kijana kazoea ulezi. Kesho nitatafuta ulezi.

DAKTARI: Wauguzi waliniambia wameandika "hana hamu ya kula." Siku ya nne, si ajabu.

MKALIMANI: Mimi naona ni mawazo. Ana mzigo bandarini.

MUUGUZI: Majibu matatu, na hakuna lililotoka kwake. Nani amemuuliza?

Mkalimani alieleza kwamba jana muuguzi wa Kichina aliuliza swali wanalomuuliza kila aliyepasuliwa tumbo, kama hewa imeanza kutoka, kwa kuwa ndiyo dalili ya matumbo kuamka, na hapo ndipo mgonjwa huruhusiwa kula. Alilitafsiri swali. Mgonjwa aliitikia kwa kichwa. Nani alikuwa chumbani? Mkalimani, muuguzi, na mama mkwe ameshika chupa.

Muuguzi wa Mombasa alimtazama Daktari. "Mwanangu, mpigie. Nenda pale ngazini, uwe peke yako."

Daktari alikaa ngazini dakika chache. Aliporudi hakuketi. Tangu siku ya upasuaji hewa haijatoka, alisema. Tumbo limevimba na linauma, na akinusa uji anasikia kichefuchefu. Jana aliitikia kwa sababu hakuweza kusema jambo hilo mbele ya mkwewe. Alidhani lingepita lenyewe. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia abonyeze kengele, na sasa alikuwa akivaa koti. Mkalimani alisimama naye. Mama wa Mizigo aliinuka pia, kisha akarudi kuketi.

"Nendeni ninyi," alisema. "Mkifika, mwambieni mimi niko nje. Muulizeni kama anataka niingie."

Nami nahitimisha kwa upande wangu. Mwaka 1978, huko Alma-Ata, mataifa yalitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika mipango ya afya yao. Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani liliitenga Siku ya Usalama wa Mgonjwa, Septemba 17, kwa ajili ya kuwashirikisha wagonjwa. Maazimio hayo nayaheshimu, lakini hayana miguu mpaka yafike kitandani. Jamaa wetu, Guangzhou na Muhimbili, Coast General na Mulago, wamo wodini tayari, wamebeba beseni na deni. Kilichobaki nje ni wanachokijua. Jamaa apunguziwe kazi na aongezewe sauti. Lakini sauti yake isikalie nafasi ya sauti ya aliyelala. Mama wa Mizigo alikuwa sahihi kudai hesabu. Tena alikuwa sahihi zaidi alipokubali kungoja nje, maana ubia wa wodini una mwenye mali mmoja, na mali ni mwili wake.

Chupa ya uji ilibaki mezani. Usiku ule uji ungemdhuru. Siku tumbo litakapoamka, apelekewe tena, na kwanza aulizwe: wa mchele au wa ulezi?